Sahani Isiyolia

Wewe unayesikiliza, sogea nikufumbie. Ndugu wanne wanakaa chumba kimoja. Wa kwanza ukimgonga hulia kilio kirefu, na akianguka hubonyea lakini hafi. Wa pili ukimgonga huimba kwa sauti nyembamba, na akianguka ndio mwisho wake. Wa tatu ukimgonga hasemi kitu cha maana, na akianguka hurukaruka kama anacheza. Wa nne kazaliwa na wawili wasiofanana, mmoja kampa mifupa, mwingine kampa nyama. Ni nani hao?

Usinijibu kwa pupa. Twende kwanza na Inspekta Umulkheir, kwa maana asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa chumbani mwao, kavua viatu mlangoni, amesimama kwa soksi juu ya mkeka.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani kabisa ya nyumba ya kale ya mtaa wa Mkomani mjini Amu, pale wanapokaa wanawake wa nyumba. Ukuta mmoja ulikuwa umejaa zidaka, vile visanduku vya chokaa vinavyochongwa ukutani safu juu ya safu, kila kimoja na kitu chake cha ukoo. Safu za chini zilikuwa zimekarabatiwa, nyeupe kama maziwa, bado zinanuka chokaa mbichi.

"Hiyo hapo," alisema Bwana Ridhwani, akinyoosha kidole kama anaonyesha nyoka. "Itazame mwenyewe."

Bwana Ridhwani ndiye mwenye nyumba. Huuza vitambaa Mombasa, huja kwao mara mojamoja. Alikuwa ameingia jana jioni, na asubuhi, hata chai hajanywa, akaitoa sahani ya ukoo kidakani akaigonga kwa ukucha kama alivyokuwa akifanya marehemu babake. Sahani haikulia. Ikasema kop, kama kopo la mafuta. Naye akatoka mbio na kikoi chake cha kulalia mpaka kituo cha polisi, njia nzima watu wakimwamkia asiitike.

"Na unamshuku nani?" Umulkheir aliuliza, ingawa alishaambiwa.

"Kuna wa kushukiwa zaidi ya mmoja? Nyumba hii haiingii mgeni. Aliyeingia ni fundi wa plasta. Amefanya kazi kwenye ukuta huu huu, na konstebo wako amekuta vipande vya kauri ndani ya ndoo yake. Unataka nini tena, akuimbie?"

Fundi mwenyewe, Shuaib wa Faza, alikuwa uani, ameketishwa juu ya kigoda na Konstebo Mahdi. Umulkheir alimwona alipopita. Mtu mzima, ndevu zina vumbi la chokaa, mikono ameiweka juu ya magoti kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Pingu hakufungwa bado.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na Umulkheir alilijua kwa sababu yeye mwenyewe ni mtoto wa Chundwa, si mgeni wa visiwa hivi. Fundi wa boti hufanya kazi ufukweni mbele ya kila mtu. Fundi wa plasta hufanya kazi ndani, wanakolala wake za watu na mabinti zao. Akiitwa mwizi mara moja tu, hakuna mlango Amu wala Faza utakaomfungukia. Na kesho, baada ya sala ya Ijumaa, Shuaib alikuwa aanze kazi ya kibla cha msikiti wa mtaa. Wazee walishapeleka chokaa.

"Adhuhuri nakwenda kuandikisha taarifa," alisema Bwana Ridhwani.

"Taarifa ikishaandikwa haifutiki, Bwana. Basi niachie mpaka hiyo adhuhuri."

"Chukua. Lakini jibu ninalo."

Pembeni, juu ya kitanda cha kamba, mamake Ridhwani, Bi Mardhiya, alikuwa akipepea makaa ya kahawa na kusikiliza. Mkewe, Hafswa, alikuwa amesimama mlangoni na kisahani cha halua, hajui akiweke wapi.

"Mpe mgeni akae, Hafswa," alisema Bi Mardhiya. "Hata polisi ana miguu."

Umulkheir alikaa, akaipakata sahani. Nyeupe, ukingo una maua ya buluu, kubwa kama sinia dogo. Kwa macho ilikuwa nzuri. Lakini kabla hajavaa sare alisoma kwanza chuo cha ufundi Mombasa, kwenye karakana ambako kazi yao ilikuwa kuvunja vitu makusudi ili wavijue: kupinda, kuchoma, kuvuta, kugonga. Kutoka huko alibaki na tabia ya kutembea na kijifuko chenye sumaku, sindano na kiberiti cha gesi. Wenzake kituoni hukiita mkoba wa mganga.

Aliiweka sahani shavuni. Kauri hukaa baridi shavuni, kama mkono wa mtu aliyetoka kuchota maji. Hii ikapata joto mara moja. Akaipima kwa mkono, ikawa nyepesi. Akapasha sindano moto na kuigandamiza chini ya kitako, pasipoonekana.

"Unaiharibu!" alisema Bwana Ridhwani.

"Hii haina thamani ya kuharibika. Tazama."

Sindano haikuzama. Iliacha alama ya kahawia, na harufu ikapanda.

"Yanuka shombo," alisema Bi Mardhiya kutoka kitandani. "Kama samaki wa juzi."

"Ndiyo, Bi. Ni melamini." Umulkheir alimgeukia Bwana Ridhwani. "Plastiki ziko namna mbili. Kuna ile ya ndoo na chupa za maji. Moto ukiigusa hulainika, na ukitaka unaifinyanga tena. Na kuna hii, ambayo iliokwa mara moja ikamaliza, kama yai la kuchemsha. Hata uirudishe motoni haiyeyuki, inaungua tu. Ndizo sahani za harusini, zile zikianguka zinaruka."

"Kwa hiyo nimebadilishiwa."

"Umebadilishiwa. Hilo hatubishani."

"Na ule mdila nao siusadiki!" Bwana Ridhwani alichukua kutoka kidaka cha pili birika la kahawa la shaba, refu la shingo. "Aliyechukua kimoja huacha cha pili?"

Umulkheir alilibandika sumaku tumboni. Ikadondoka mkekani. Akaibandika kwenye mdomo, ikadondoka tena.

"Lingekuwa bati lililopakwa rangi, sumaku ingeng'ang'ania. Hii ni shaba ya manjano kweli." Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia, likalia mpaka Bi Mardhiya akaacha kupepea. "Na hapa limebonyea."

"Liliniponyoka ngaziani mwaka niloolewa," alisema Bi Mardhiya. "Lilibingirika mpaka nje ndiani. Marehemu alisema, mke tuliyeoa huyu atatumaliza."

Basi hapo umeshawajua wawili. Anayebonyea asife ni madini, shaba na chuma na jamaa zao. Ukiyapiga hujikunja kwanza, huvumilia, ndiyo maana mtu hutengeneza misumari na nanga kwayo. Asiyesema la maana na kucheza akianguka ni plastiki. Wa pili na wa nne bado.

Umulkheir aliirudisha sumaku kifukoni, akatoka uani.

Konstebo Mahdi, kijana wa Kililana, alimsogelea akiwa amevimba kwa furaha. "Afande, hii stori imeisha. Tumembamba na vitu." Aliinamisha ndoo ya fundi. Chini, katika ute wa chokaa, palikuwa na vipande vyeupe vyenye michirizi ya buluu.

"Shuaib," Umulkheir aliita, "hivi ni nini?"

"Vigae, Afande. Vya bafuni huko juu. Wamebomoa vya zamani kutia vipya. Mimi matundu makubwa ya ukuta siyajazi kwa chokaa tupu, hunywea yakapasuka. Najaza kwa vigae."

"Kila mwizi ana hadithi," alisema Mahdi.

"Na kila konstebo ana ndoo," alisema Shuaib taratibu. "Yangu umeishika tangu asubuhi, plasta yakauka."

Umulkheir alichagua kipande, akakisuuza, akakifuta kwa upindo wa mtandio, kisha akakivunja katikati. Akautia ulimi wake pale kilipovunjika.

Mahdi alirudi nyuma hatua. "Afande anakula ushahidi!"

Ulimi ulinata. Ilimbidi akibandue, na kilitoka na kijimlio kama busu la mtoto.

"Njoo uonje," alisema.

"Mimi? Zii, Afande, nimekunywa chai."

"Onja, Mahdi."

Mahdi alionja, macho kayafumba. Naye akanasa. Shuaib aliinamisha uso akacheka ndani ya ndevu.

"Kigae ni udongo uliookwa kwa moto wa wastani," alisema Umulkheir. "Juu kimepakwa kioo, ndani kina vitundu visivyoonekana, vina kiu, ndiyo maana vinaufyonza ulimi. Kauri ya sahani ya kale imechomwa mpaka imeshikana, haina kiu. Ulimi huteleza kama kwenye kikombe. Hivi si vya sahani."

Alimrudia Shuaib, akagusa ukuta wa uani alioumaliza jana. Alikwaruza kidogo kwa ukucha. Nyuzi za kahawia zikachungulia.

"Umetia nini humu?"

"Makumbi ya nazi, nimeyachambua. Chokaa peke yake ni ngumu lakini haina moyo. Ukiipiga inakatika. Nyuzi peke yake haziwezi kusimama zikawa ukuta. Ukizitia pamoja, ufa ukija unakuta kamba zimeushika."

"Kama boti za faiba."

"Ndiyo hivyo hivyo, Afande. Nyuzi za kioo na gundi. Wazee walitangulia, hawakuwa na jina lake tu."

Na huyo, plasta ya nyuzi, ndiye wa nne, aliyezaliwa na wawili.

Bwana Ridhwani alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakulainika. "Sawa, si vipande vyake. Basi aliitoa nzima akaiuza. Hilo ni baya zaidi. Adhuhuri inakaribia, Inspekta."

Umulkheir alimpita mlangoni. Alirudi ndani, akaichukua tena sahani ya uongo, akaenda nayo mpaka pale mwanga wa uani ulipoingia. Aliilaza, akaisimamisha, akaigeuza polepole. Kulikuwa na jambo aliloliona mara ya kwanza akadhani ni vumbi. Katikati ya weupe, palikuwa na kivuli cha manjano, hafifu kama alama ya chai kwenye kanzu iliyofuliwa. Kivuli kile kilikuwa na mistari.

"Hafswa, mamangu, niletee pamba na maji."

Hafswa alileta. Aliliweka bakuli mkekani, akakishika tena kisahani cha halua. Umulkheir alisugua. Maji yakatoka safi. Kivuli kikabaki pale pale, na sasa kwa vile sahani imelowa, kikasomeka. Herufi za Kiarabu, zimezunguka kama mkufu.

"Zafarani," alisema. "Hii imeandikiwa kombe."

Bwana Ridhwani alisogea. "Bila shaka. Sahani ya ukoo ndiyo ya kombe. Mama huandika aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Ndiyo kazi yake tangu enzi."

"Sahani ya ukoo, Bwana. Hii siyo. Na bado imeandikiwa." Aliinua sahani mwangani. "Kauri imevikwa kioo. Zafarani hukaa juu yake kama mgeni aliyesimama barazani. Ukimwaga maji, anaondoka, haachi hata kandambili. Plastiki ina mikwaruzo ya vijiko na visu, zafarani huingia ikahamia. Haitoki. Maana yake sahani ya uongo ilikuwa nyumbani humu siku liliposomwa kombe la mwisho. Siku hiyo ni lini?"

Hafswa alisema, sauti ndogo, "Raihana alipokuwa na homa."

Raihana ni mtoto wao mdogo. Kutoka juu alisikika akibishana na paka.

"Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa. Na Mama akamwandikia kombe, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akapoa."

"Fundi alikuwa ameshaanza kazi?"

"Bado. Alikuwa kwao Faza, anasubiriwa. Alipokuja, vitu vya safu za chini tulivitia kashani, chumba akaachiwa yeye. Hakuna kombe lililoandikwa tena."

Mahdi, aliyewafuata mpaka kizingitini, alipiga mluzi mdogo. "Basi jamaa ni msafi."

"Msafi kwa ushahidi wa rangi!" Bwana Ridhwani alisema. Uso wake ulikuwa umewiva, si kwa hasira peke yake. Alikuwa amekwishapiga kelele mtaa mzima. "Nikamwambie nani? Nikawaambie wazee wa msikiti, fundi wenu yu salama, zafarani imesema? Watacheka mbele yangu na mlango watamfungia vile vile. Nionyeshe sahani, Inspekta. Nikiiona sahani nitamtangaza mwenyewe barazani."

Alisema kweli, na Umulkheir alijua. Mji mdogo hausafishi jina la mtu kwa hoja, husafisha kwa kitu kinachoshikika.

Alimgeukia Bi Mardhiya. Bi kizee alikuwa amemaliza kuchemsha, anamimina kahawa kwenye kikombe kidogo, uzi mwembamba mweusi, hata tone halikumwagika.

"Bi, makombe umeandika miaka mingi."

"Tangu mavyaa wangu aliponitilia kalamu mkononi. Nalikuwa mwari."

"Na sahani ni ile ile."

"Ni ile ile."

"Sasa nakuuliza kwa heshima. Siku ulipoandika kwenye hii hapa, mkono wako haukukwambia kitu?"

Uzi wa kahawa ulikatika. Bi Mardhiya alimtazama Umulkheir, kisha akatazama kikombe.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Kahawa hini ikipoa haina tamu."

Umulkheir alikunywa. Ilikuwa tungu, ina tangawizi, na ilikuwa nzuri. Lakini swali lilibaki hapo chumbani, limekaa mkekani pamoja nao.

Alipokuwa akishusha kikombe macho yake yalikutana na chetezo, kile chombo cha udongo cha kufukizia udi, chini ya kitanda. Kimejaa majivu. Alikivuta, akachambua majivu kwa sindano. Katikati ya makaa yaliyozimika paling'aa kitu chembamba kama ukucha wa mtoto. Nyeupe upande mmoja, uwazi wa kioo ukingoni. Alikifuta, akakiweka ulimini.

Ulimi ukateleza.

Hafswa alikiweka kisahani cha halua chini.

"Bwana Ridhwani," alisema Umulkheir, "mlikuwa na mvua siku za homa ya Raihana?"

"Sikuwapo. Hafswa?"

"Ilinyesha," alisema Hafswa. "Mfululizo."

"Hewa ina maji, maandishi hayakauki. Na mgonjwa anasubiri. Mtu akifanya haraka, ataikausha sahani wapi?" Aliinua chetezo. "Juu ya makaa, na udi uipate pia. Hilo ni kosa la mtu wa hapa petu, na mtu mwenye nia njema. Sahani ya baridi ikishuka motoni ghafla, chini inatanuka, juu bado imelala. Kauri haijui kujikunja. Ikashindwa kujinyoosha, ikapasuka, na kijichembe kikarukia majivuni."

"Ngoja," alisema Bwana Ridhwani. Alikuwa ameshaingia kwenye jambo, kasahau kukasirika. "Chetezo nacho ni udongo. Kila siku kina makaa. Mbona hakipasuki?"

"Kwa sababu kina vile vitundu vyenye kiu. Ufa ukianza kutembea unaangukia tundu, unachoka hapo. Kauri imeshikana kama kioo. Ufa ukianza, hakuna wa kuusimamisha njiani."

"Basi imevunjika." Bwana Ridhwani alikaa chini polepole. "Vipande viko wapi? Vimetupwa jaani?"

"Ingekuwa sahani ya wali, ningekwenda jaani." Umulkheir aliinua macho kwenye zidaka. "Hii ilivunjika na aya zimo. Nani katika nyumba hii, au nyumba yoyote Amu, atachukua maneno ya Mungu akayatupa pamoja na maganda ya ndizi? Hata angeogopa vipi, mkono usingemtii. Angeyaweka mahali yanapowekwa maneno kama hayo."

Katika kidaka cha juu kabisa, ambacho fundi hakukigusa, ulikuwa umekaa mfuko wa kitambaa cheupe. Kila nyumba ya hapo inao. Humo hutiwa karatasi za misahafu iliyochakaa, zikingojea kupelekwa kwenye maji ya kina, zisikanyagwe na mtu.

Umulkheir alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Birika la udhu liko wapi?"

Mahdi, aliyekuwa kizingitini, alishangaa. "Afande, ni upekuzi tu."

"Ndiyo. Na wewe ukitaka kuja karibu, nenda katawadhe."

Alitawadha uani, mbele ya Shuaib, ambaye alimsogezea maji bila kuuliza. Alirudi na mikono inadondoka, akapanda juu ya kigoda, akautoa mfuko kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko karatasi. Ulipotua mkekani ulisema kitu, kisauti chembamba, safi.

Ndani, kati ya kurasa zilizogeuka rangi ya majani makavu, palikuwa na kanga mpya iliyokunjwa, na ndani ya kanga vipande vya kauri vimepangwa kama samaki kwenye kikapu, kikubwa chini, kidogo juu. Zafarani ilikuwa bado juu yake, imekaukia. Umulkheir aligonga kimoja kwa ukucha.

Kiliimba.

Huyo basi ni wa pili, na hapo ndugu wote umewajua. Bwana Ridhwani alichukua kipande chenye ua la buluu akakiweka kiganjani.

"Ni mimi," alisema Hafswa.

Alisema akiwa amesimama wima, kanga ameishika kifuani kwa ngumi. "Mama aliandika, akanipa nikaushe. Raihana alikuwa anawaka. Nikaiweka juu ya chetezo, nikageuka kumfuta uso. Ikalia, pa! Niliokota kila kipande, nikadhani nimeokota vyote. Ile ya melamini ni ya vyombo vyangu vya harusi. Nikaona maua yanafanana. Nilitaka nikwambie ukija, Ridhwani. Ukaja jioni umechoka. Asubuhi nikasikia unapiga kelele fundi, fundi, ulimi ukanikauka. Nilikuwa nikijipa moyo, nitasema sasa hivi. Sasa hivi hiyo haikufika."

"Umemwacha mtu akae uani kama mbuzi wa kafara."

"Nimemwacha. Hilo nitamwomba yeye, si wewe."

Bwana Ridhwani alifanya jambo ambalo Umulkheir hakulitarajia. Aliinuka, akajifunga kikoi vizuri, akatoka uani. Kupitia mlangoni walisikia sauti yake, imeshuka, si ya asubuhi.

"Fundi, niwie radhi. Nimekukosea mbele za watu, na mbele za watu nitaifuta. Twende barazani sasa hivi, kisha kwa wazee wa msikiti."

"Mimi nimekusamehe, Bwana," ilisikika sauti ya Shuaib. "Lakini plasta ya ndooni imeshashika, na hiyo haisamehe mtu."

"Nitakusaidia kukoroga nyingine."

"Wewe? Na kikoi hicho?"

Mahdi alicheka kwa sauti, na nyumba nzima ikapumua. Hafswa alitoka nyuma ya mumewe, akasimama mbali kidogo na fundi kwa adabu, akamwambia alilokuwa nalo. Shuaib alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza mtoto amepoa. Alipoambiwa amepoa, akasema basi.

Ndani walibaki wawili. Umulkheir alirudisha karatasi mfukoni, moja moja, vipande vikakaa juu. Alikuwa hana tena sababu ya kipolisi ya kubaki. Taarifa haitaandikwa. Lakini alikaa.

Bi Mardhiya alimjazia kikombe cha pili. Alikiweka mbele yake, akaweka kando pepeo ya makaa, akaegemea mto.

"Wewe ni mtoto wa nani kule Chundwa?"

Umulkheir alimwambia.

"Namjua nyanyako. Alikuwa haachi kitu mpaka akikomeshe." Bi kizee alitazama mlangoni, ambako mkaza-mwanawe alikuwa sasa akimkinga Raihana asiingize mikono kwenye chokaa. "Nalikuwa namngojea aseme mwenyewe. Nisimfedheheshe mbele ya mumewe. Na fundi nisingekubali atoke mlango hunu na pingu, hilo wallahi nisingekubali, ningesema. Lakini hilo silo ulouliza."

"Silo, Bi."

"Uliuliza mkono."

"Ndiyo."

Bi Mardhiya aliinua mkono wake wa kulia, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Kidole cha shahada kilikuwa na manjano ya zafarani chini ya ukucha.

"Ulinambia," alisema. "Kalamu ya mwanzi ikipita juu ya kauri hulia, kijisauti kama kifaranga. Siku ile haikulia. Nikajua kabla hata bismillahi haiyesha. Nikainua kitwa nimuulize mwana huyu, sahani yangu umeipeleka wapi? Nikamuona amesimama hapo ulipo weye, mtoto begani, mato mekundu, usiku kucha hayalala, na midomo yake yasoma pamoja nami, aya kwa aya." Alitabasamu. "Basi nikatovya kalamu zafaranini, nikaendelea kuandika."